Kisanamu cha maadhimisho ya miaka 40 nilichouziwa kama cha mwaka 1977: nikifungue au nikitunze?

Mwanagenzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nina miaka miwili tu katika shughuli hii ya kukusanya visanamu vya wahusika wa Star Wars, na naja kwenu na jambo lililonitia aibu kidogo. Hivi karibuni nilinunua mtandaoni kisanamu cha Ben Kenobi kikiwa bado kimefungwa kwenye kadibodi yake, yenye nembo ya Kenner (kampuni iliyotengeneza visanamu vya kwanza vya filamu hizo), picha ya mhusika kutoka filamu ya kwanza na mstari wa rangi ya fedha unaoizunguka. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni cha mwaka 1977 na kwamba hakijawahi kufunguliwa. Nilikishangilia siku tatu nzima, hadi rafiki yangu alipokuja na chake cha zamani, kilichochubuka rangi na kupoteza joho, akakisimamisha kando ya changu na kuniuliza kwa upole ni kwa nini changu kimekizidi chake kimo kwa zaidi ya nusu. Tulipoigeuza kadibodi na kusoma maandishi madogo ya chini, tukakuta jina la Hasbro.

Suala la muuzaji nimekwisha kulimaliza, kwa hiyo halihitaji mchango wenu. Ninachotaka kuelewa ni hiki nilichobaki nacho ni kitu gani hasa: ni cha bandia, ni nakala halali, au ni kitu cha tatu nisichokijua jina? Na kama ni toleo la maadhimisho, je, kuna maana yoyote ya kukitunza kikiwa kimefungwa, au nikifungue nikiweke rafuni pamoja na vingine? Nauliza mapema kwa sababu filamu ile ilitoka tarehe 25 Mei 1977, kwa hiyo mwaka 2027 itatimiza miaka 50, na sina shaka kwamba vitamiminika vitu vya kila aina vyenye namba 50 kifuani. Ningependa kujua la kununua na la kuacha kabla gharika haijafika.

Kabati la Kioo

Ndugu Mwanagenzi, pole, na karibu sana. Hakuna mkusanyaji hapa ambaye hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila wengi wetu hatusemi.

Kwanza liondoe neno bandia. Kwa maelezo yako, kisanamu hicho ni bidhaa halali iliyotolewa na Hasbro mwaka 2017 kuadhimisha miaka 40 ya filamu. Kampuni hiyo iliwachukua wahusika wale wale 12 waliokuwa kundi la kwanza la Kenner, ikawatengeneza upya kwa kimo cha inchi 6, yaani kama sentimita 15, kisha ikawafunga kwenye kadibodi zilizochorwa kwa kuiga zile za awali. Vya Kenner vilikuwa vya inchi 3¾, ambazo hazifiki sentimita 10. Rula peke yake ingetosha kumuumbua muuzaji wako.

Jina la Hasbro ni ushahidi wa pili, tena ushahidi usiopingika. Kenner iliingia mikononi mwa Hasbro mwaka 1991, Hasbro ilipoinunua kampuni ya Tonka iliyokuwa ikiimiliki, kwa hiyo kadibodi yoyote yenye jina la Hasbro haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata ikiwa imepambwa kwa nembo ya Kenner kila upande. Nembo ni mali, na mwenye mali huitumia apendavyo. Ukikutana na kisanamu kisicho na kadibodi, kigeuze uangalie nyuma ya miguu: katika vile vya kundi la kwanza utasoma herufi G.M.F.G.I. na mwaka 1977, herufi zinazosimamia kitengo cha michezo cha kampuni ya General Mills, iliyokuwa mmiliki wa Kenner wakati huo. Lakini hapo pia usiharakishe, kwa maana mwaka uliochongwa mguuni ni wa haki miliki, wala si mwaka ambao kisanamu hicho kilitoka kiwandani. Kalibu moja hutumika miaka mingi, na tarehe yake haibadiliki.

Hili la tarehe linanipeleka kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kila anayeingia katika shughuli hii anapaswa kukijua. Filamu ilifanikiwa kuliko walivyotarajia wote waliohusika nayo, na Krismasi ya mwaka 1977 ilipokaribia, Kenner haikuwa na visanamu vya kuuza. Ikaamua kuuza ahadi. Wazazi walinunua bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani yake; mtoto alikituma cheti kile kwa posta, na visanamu vinne, yaani Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2, vilimfikia mwaka 1978. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ana kisanamu cha Ben Kenobi kilichonunuliwa mwaka 1977 anakuambia jambo ambalo halikuwezekana hata kwa watoto wa mwaka huo, na wewe ulidanganywa mara mbili katika sentensi moja. Mwaka 2005 Hasbro iliitengeneza upya bahasha ile, na watu wazima waliokwisha kusubiri mara moja utotoni walilipa tena ili wasubiri mara ya pili. Sijui nicheke au niwaonee huruma, maana mimi mwenyewe nilitamani kuwa mmoja wao.

Kuhusu kukifungua au kukitunza, nitawaachia wenzangu waanze. Mimi kabati langu ni la vitu vilivyofunguliwa, na hukumu yangu mnaijua.

Ukurasa wa Mwisho

Mimi ni mtu wa vitabu vya katuni, si wa visanamu, lakini swali la kutunza kilichofungwa lilitutesa sisi kabla halijawafikia ninyi, na majibu yake tuliyapata kwa machungu.

Chukua mifano miwili ya mhusika mmoja. Toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman mwaka 1938, lilichapishwa kwa idadi inayokadiriwa kuwa nakala 200,000, na zinazojulikana kubaki leo zinakadiriwa kuwa kama mia moja tu. Zilikwenda wapi? Watoto walizisoma mpaka zikaachana kurasa, mama zao wakazitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi za kila namna zikakusanywa ili zirudishwe viwandani. Hakuna aliyezitunza kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba zinatunzwa. Sasa lilinganishe na toleo namba 75 la Superman, lililotoka Novemba 1992, ambalo ndani yake shujaa huyo anauawa. Hilo liliuzwa likiwa limefungwa katika mfuko mweusi, pamoja na kitambaa cheusi cha maombolezo cha kuvaa mkononi, na watu walipanga foleni madukani wakanunua mawili mawili, moja la kusoma na moja la kuacha ndani ya mfuko kwa ajili ya ada za shule za watoto wao. Ziliuzwa nakala mamilioni, na sehemu kubwa ya nakala hizo bado ipo, ikiwa safi, ndani ya mifuko ile ile. Ukitaka moja leo utaipata bila taabu, na marehemu mwenyewe alifufuka mwaka uliofuata.

Maadhimisho nayo yalikuwa na sehemu yake katika homa hiyo. Mwaka 1992 Spider-Man alitimiza miaka 30 tangu aonekane kwa mara ya kwanza katika toleo la 15 la Amazing Fantasy mwaka 1962, na Marvel ikaadhimisha kwa kubandika picha ya hologramu inayong'aa kwenye majalada ya mifululizo yake minne. Ninazo zote nne. Ni nzuri kuzitazama, hasa zikiinamishwa kwenye mwanga, nami sizijutii. Ila wale waliozinunua kwa masanduku wakidhani wamenunua dhahabu walikuja kugundua kwamba kila jirani yao ana sanduku kama hilo. Soko lilipoporomoka maduka mengi ya katuni yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Kwa hiyo, Ndugu Mwanagenzi, unapokiangalia kisanamu chako, usijiulize kina umri gani. Jiulize ni wangapi wengine wanakiangalia chao kikiwa kimefungwa kama chako. Kitu kilichotengenezwa ili kitunzwe hutunzwa na wote, na kilichotengenezwa ili kichezewe huchezewa mpaka kiishe. Kisanamu cha rafiki yako kilichochubuka kilipona kwa bahati tu, ilhali cha kwako kilizaliwa kikiwa salama.

Najua kuna atakayesema kwamba watengenezaji siku hizi wamejifunza, na kwamba hutoa idadi ndogo. Ni kweli kwa baadhi yao. Sony ilipoadhimisha miaka 20 ya PlayStation ilitoa mashine za PlayStation 4 za rangi ya kijivu ile ya zamani, 12,300 tu kwa ulimwengu mzima, na namba hiyo haikuokotwa: PlayStation ya kwanza iliingia sokoni Japani tarehe 3 Desemba 1994, na tarehe hiyo ikiandikwa kwa kutanguliza mwezi husomeka 12/3. Miaka 10 baadaye, mwaka 2024, namba ile ile ikatumika tena kwa furushi la PlayStation 5 Pro. Lakini tazameni vizuri kilichotokea hapo. Uhaba wenyewe umegeuzwa kuwa pambo, sawa na rangi na nembo. Vile 12,300 vyote vina wenyewe wanaojua wana nini, na sidhani kama kuna hata kimoja kitakachosahauliwa darini.

Sindano ya Santuri

Nimesoma kwa makini alichokiandika Ukurasa wa Mwisho, na ingawa hesabu zake sizipingi, naona amelijibu swali la mfanyabiashara wakati aliyeuliza ni mkusanyaji. Mleta mada hakuuliza atapata faida gani. Aliuliza kama kuna maana ya kukitunza.

Kwetu sisi wa santuri, toleo la maadhimisho hupimwa kwa kitu kimoja: je, limeleta chochote ambacho hakikuwepo? Mfano ninaopenda kuutoa ni ule wa albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Wakati ule sauti ya mkondo mmoja ndiyo iliyokuwa ikisikilizwa na wengi, kwa hiyo wanamuziki wenyewe walishinda studio wakiishughulikia hiyo, na toleo la stirio likachanganywa haraka haraka pasipo wao kuwepo. Kwa miaka 50 ulimwengu uliendelea kuisikiliza zaidi ile ya stirio, yaani ile ambayo waliitilia maanani kidogo. Mwaka 2017 Giles Martin, mwana wa George Martin aliyekuwa mtayarishaji wa albamu hiyo, alirudi kwenye kanda za awali akatengeneza mchanganyiko mpya wa stirio akiuongoza kwa masikio ya ule wa mkondo mmoja, na pamoja nao zikatolewa rekodi za majaribio ya studio. Hayo ndiyo maadhimisho ninayoyaheshimu, kwa kuwa mtu alifungua kabati, akafanya kazi, akarudi na kitu. Ukinipa badala yake santuri ya rangi ya zambarau yenye sauti ile ile iliyokwisha kutolewa mara saba, na kibandiko cha dhahabu kinachosema miaka 50, nitakushukuru kwa adabu na kuirudisha ilikotoka.

Albamu hiyo hiyo inaliunga mkono jambo la Ukurasa wa Mwisho. Nakala za mwaka 1967 zilikuja na karatasi ngumu yenye masharubu, beji na vikorombwezo vingine vya kukata kwa mkasi, na leo watu wanaitafuta karatasi hiyo ikiwa nzima kwa sababu mikasi ilifanya kazi yake barabara.

Kisha kuna maadhimisho ambayo zawadi yake haikutoka kiwandani hata kidogo. Tamthilia ya Doctor Who ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, na ilipotimiza miaka 50 mwaka 2013 ziliuzwa bidhaa chungu nzima, zikiwemo stempu za Royal Mail zenye sura za waigizaji 11 walioubeba uhusika mkuu. Lakini vipindi vingi vya miaka ya mwanzo vilikuwa vimepotea, kwa kuwa kanda zake zilifutwa ili zitumike upya, na kilichoweza kuokoa chochote ni zile nakala za filamu zilizokuwa zikipelekwa kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingine. Oktoba 2013, katika mwaka wenyewe wa maadhimisho, ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kuwa vimepotea vimepatikana katika ghala la kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vilikuwa vimekaa humo miongo kadhaa vikila vumbi. Wapenzi wa tamthilia ile wangeweza kupewa vikombe na fulana elfu moja, na bado makopo yale ya Jos yangebaki kuwa ndiyo sherehe.

Kwa hiyo jibu langu kwako, Ndugu Mwanagenzi, ni kwamba ukitazame kisanamu chako chenyewe, uchongaji wake, viungo vyake na rangi zake, ukilinganishe na kile cha rafiki yako. Kama mchongaji wa mwaka 2017 ameuona uso wa mhusika vizuri kuliko yule wa awali, basi una kitu. Huwezi kuyajua hayo kikiwa ndani ya plastiki.

Bi Stempu

Nitasema machache, nikianzia kwenye uwanja wangu.

Ukurasa wa Mwisho ametaja katuni; mimi nina Elvis. Stempu yake ilitolewa na Posta ya Marekani tarehe 8 Januari 1993, siku ambayo angetimiza miaka 58, baada ya wananchi kupiga kura ya kuchagua kati ya sura yake ya ujana na ile ya utu uzima. Ujana ulishinda. Zilichapishwa stempu zaidi ya milioni 500, na watu wasiohesabika waliziweka kando bila kuzitumia, jambo ambalo kwa posta ni neema tupu, kwa sababu stempu isiyotumika ni huduma iliyolipiwa na isiyodaiwa. Ninayoipenda katika mkusanyo wangu si ile safi. Kuna mashabiki waliozibandika kwenye bahasha zenye anwani za uongo kwa makusudi, ili posta izirudishe zikiwa na mhuri wa kurejeshwa kwa mtumaji, kwa ajili ya wimbo wake mmoja maarufu unaozungumzia barua iliyorudi. Bahasha kama hiyo ina mtu ndani yake, na mzaha wake, na tarehe yake.

Wakati mwingine historia huingia bila kualikwa. Royal Mint ya Uingereza ilipotoa sarafu nne za peni 50 kuadhimisha miaka 25 ya kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichochapishwa tarehe 26 Juni 1997, Malkia Elizabeth alifariki Septemba 2022 mfululizo ukiwa njiani. Matokeo yake sarafu mbili za mwanzo zina sura ya Malkia na mbili za mwisho zina sura ya Mfalme Charles. Waliopanga kuadhimisha hadithi ya mchawi kijana wakajikuta wamerekodi mabadiliko ya kiti cha enzi.

Jambo jingine, Ndugu Mwanagenzi: kabla hujanunua chochote chenye namba, uliza namba hiyo inahesabiwa tangu lini na kwa nani. Pokémon huadhimishwa kuanzia tarehe 27 Februari 1996, siku michezo ya kwanza ilipotoka Japani, ingawa Marekani iliipata mwaka 1998 na kadi za mchezo huo zina tarehe zake nyingine kabisa. Kadi za mwaka 2021 za miaka 25, zilizorudia kadi maarufu za zamani, angalau zilitiwa alama ya 25 yenye umbo la Pikachu, kwa hiyo asiyetaka kudanganyika hadanganyiki. Natamani kila mtengenezaji angekuwa mwaminifu hivyo. Kadibodi inayoiga ya zamani kila kitu, huku tofauti ikifichwa kwenye maandishi ya mchwa upande wa nyuma, humpa mlaghai nusu ya kazi yake ikiwa imekwisha kufanywa.

Na chochote utakachoamua, kiandikie kijikaratasi: ulikipata lini, kutoka wapi, na ni kitu gani. Usiandike kwenye kadibodi yenyewe, tafadhali.

Ukurasa wa Mwisho

Nakubaliana na Bi Stempu kuhusu alama, na namjibu Sindano kwa kifupi: sikumjibu mfanyabiashara. Nilimjibu mtu aliyekwisha kuuziwa uongo mmoja, ili asije akajiuzia wa pili.

Mwanagenzi

Nawashukuru nyote, nami nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Nimepata utulivu kuhusu kufungua, ila kuna kauli moja ninayoisikia kila mara kutoka kwa wanaotunza vitu vikiwa vimefungwa, kwamba hata kama thamani haitapanda, kufunga kunakilinda kitu dhidi ya muda. Je, hilo lina ukweli? Ndilo pekee linalonizuia kuchukua kisu.

Kabati la Kioo

Lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ni hatari.

Kufunga huzuia mikono, vumbi na kupotea kwa silaha ndogo zinazoingia chini ya makochi. Hakuzuii kemia. Plastiki laini aina ya PVC hutiwa viambato vya kuilainisha, na viambato hivyo hujitokeza taratibu hadi juu ya uso wa kitu. Kikiwa kimefungiwa mahali pasipo na hewa, havina pa kwenda, ndiyo maana mtu hufungua kisanamu alichokitunza miaka 20 akakikuta kinanata kama kilichopakwa asali. Gundi inayoshikilia kifuniko cha plastiki kwenye kadibodi hukauka ikaachia. Kifuniko chenyewe hugeuka rangi ya manjano, na mwanga wa jua huharakisha yote haya, huku ukifubaza wino wa kadibodi. Na ikiwa kuna kifaa chenye betri ndani ya kasha lililofungwa, betri hiyo itavuja siku moja, na hutajua mpaka uone doa.

Sindano ataniunga mkono kuhusu santuri, kwa sababu ile nailoni ya kiwandani ambayo watu huogopa kuitoa huendelea kubana kadiri miaka inavyopita, ikalikunja jalada na wakati mwingine hata santuri yenyewe.

Kwa hiyo ukifungua, kata kifuniko kwa wembe upande wa chini tu ili kadibodi ibaki nzima. Kadibodi iweke kwenye mfuko wa polipropilini au wa poliesta, kamwe usiwe wa PVC, uisimamishe mahali penye kivuli pasipo na unyevunyevu, na ukiweza tupia vipakiti vya silika karibu yake. Kisanamu chenyewe kikae kabatini, mbali na dirisha, na mara moja kwa mwezi kifungulie mlango kipate hewa. Joho na silaha, kama vinatoka, usivitenganishe nacho ukavihifadhi mahali pengine "kwa usalama". Hapo ndipo vinapopotelea.

Sindano ya Santuri

Namuunga mkono. Ongeza kwamba santuri husimamishwa wima, hazilazwi zikarundikwa, na nimemaliza.

Mwanagenzi

Nimekifungua jana jioni, rafiki yangu akiwa ameshika taa. Kwa kumjibu Sindano: uso umechongwa vizuri zaidi, hilo halina ubishi, na viungo vinakunjika mahali ambapo kile cha zamani kina miguu miwili iliyonyooka kama vijiti. Hata hivyo tulipovisimamisha viwili hivyo pamoja, sote wawili tulijikuta tukikishika kile kilichochubuka, na rafiki yangu akanieleza jinsi joho lake lilivyopotea, kisa ambacho hakuwahi kunisimulia.

Kadibodi iko ndani ya mfuko, imesimama, haina hata mkunjo. Kijikaratasi cha Bi Stempu nimekiandika kwa penseli na kukiweka nyuma yake: "Ben Kenobi, Hasbro, 2017, maadhimisho ya miaka 40. Kilinunuliwa kama cha mwaka 1977."